Mashine nayo huuliza: zana hii ni ya nini?

Ndugu msomaji, mazungumzo yangu ya juma hili nayaanzia chini ya gari.

Nilipomaliza shule, kabla sijapata kazi hii ya kalamu na kipaza sauti, nilikaa mwaka mmoja na ushei katika gereji moja ya mtaani nikiwa spana boi. Waliopita njia hiyo wanaijua kazi yake. Fundi amelala chini ya gari, wewe umesimama. Yeye hakuoni, nawe humwoni ila miguu. Mkono unatokeza, sauti inaita: "Dogo, leta nusu!" Kazi yako ni kujua hiyo nusu ni kitu gani, iko wapi, na kuifikisha mkononi mwake kabla hajaanza kufoka.

Siku moja tulikuwa na gari la Kiingereza la zamani, ambalo nati zake zilikuwa za inchi. Fundi akaitisha nusu inchi. Mimi nikachukua spana ya 13, ya milimita, kwa sababu kwa macho hizo mbili ni pacha, na namba zilikuwa zimefutika kwa mafuta na miaka. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tofauti haifiki hata nusu ya milimita. Spana ikaingia, ikavutwa, ikateleza, na kona za nati zikaliwa zote. Tulishinda mchana kutwa na patasi na nyundo tukihangaika na nati moja.

Fundi hakunipiga, ingawa siku zile angeweza kufanya hivyo na asiulizwe na mtu. Alichukua kopo la rangi na brashi, akazigawa spana katika visanduku viwili. Cha kwanza akakiandika: "INCHI. Gari za Kiingereza za zamani tu." Cha pili akakiandika: "MILIMITA. Gari za Kijapani. Ikicheza kwenye nati, usivute. Irudishe." Tangu siku hiyo sikukosea tena, wala hawakukosea vijana walionifuata ambao hawakuwahi kuisikia habari ya nati ile.

Nimeikumbuka gereji hiyo kwa sababu ya kijana mmoja wa jirani yetu, mwandishi wa programu za kompyuta, aliyenijia mwezi uliopita akiwa amenyong'onyea. Alikuwa amemtengenezea mwenye duka la jumla msaidizi wa akili mnemba, ile ambayo wengine wanaiita akili bandia. Mwenye duka anaandika agizo kwenye simu kwa Kiswahili chake cha kawaida, na msaidizi anatekeleza: anaangalia stoo, anaandika risiti, anampelekea mteja ujumbe. Msaidizi wa namna hii wataalamu wanamwita wakala, kwa sababu hajibu maswali tu bali anatenda kwa niaba ya mtu.

Siku moja mwenye duka akaandika: "Mfungie mama oda yake, anakuja kuichukua saa nane." Kila anayenunua vitu dukani anajua maana yake. Pima unga, weka mafuta, funga mzigo, uwe tayari. Lakini katika zana alizopewa wakala yule kulikuwa na moja iliyoitwa "funga oda", na maelezo yake yalikuwa maneno mawili tu: "Hufunga oda." Kijana alikuwa amekusudia kuifuta oda isiyotakiwa tena na kurudisha mali stoo. Wakala akaifunga kweli. Unga ukarudi kwenye hesabu ya stoo, akauziwa mtu mwingine. Mama wa watu, ambaye ni mama ntilie na wateja wake wa jioni wanamtegemea, alifika na nauli yake mkononi akaambiwa hana mzigo.

Kijana akaniuliza, "Mzee, mashine hii ni jinga?" Nikamwambia hapana. Jinga alikuwa spana boi aliyechukua 13, lakini hata yeye hakuwa jinga sana. Sanduku halikuwa na maandishi.

Ndugu msomaji, tuelewane kwanza jinsi wakala huyu anavyofanya kazi, maana wengi wanadhani ndani yake kuna mtu. Mtambo wa akili mnemba umefundishwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kuendeleza maandishi. Wenyewe hauwezi kufungua stoo wala kutuma pesa. Ili utende, anayeutengeneza anaupa orodha ya zana. Kwa kila zana anaandika jina, maelezo mafupi, na vitu ambavyo zana inahitaji kupewa, kama namba ya simu au kiasi cha fedha. Mtambo unaisoma orodha hiyo kila mara kama sisi tunavyosoma ubao wa bei, unachagua, kisha unaandika ombi: nataka zana fulani, kwa namba fulani. Programu nyingine ndiyo inayotekeleza.

Hapo pana jambo kubwa. Mtambo hauoni kilicho ndani ya zana. Hauoni kwamba "funga" hiyo ndani yake ni "futa". Unachokiona ni maandishi tu. Umesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, na fundi yuko chini ya gari.

Watu wanasema haya ni mambo mapya. Elimu ya kompyuta ni ngeni kwa wengi wetu, sikatai, lakini tatizo hili ni kongwe, na historia yake ina mafunzo ambayo tungeyasoma tungepunguza gharama.

Tuanze na mwaka 1971. Katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wametengeneza mfumo wa kompyuta ulioitwa Unix. Ndani yake mlikuwa na zana ndogo ndogo nyingi, kila moja na kazi yake. Tarehe 3 Novemba 1971 wakatoa kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo huo. Kila zana ilipewa ukurasa wake kwa mpangilio mmoja: jina na kazi yake kwa mstari mmoja, namna ya kuiita, maelezo, mafaili inayoyagusa, zana nyingine za kutazama, ujumbe inaoutoa mambo yakiharibika, na mwenye zana hiyo.

Kulikuwa pia na sehemu iliyoitwa kasoro. Hebu fikiria fundi seremala anakuuzia kiti na kukuandikia karatasi: "Mguu wa nyuma wa kushoto hauvumilii mtu mnene." Wale jamaa walifanya hivyo mbele ya wenzao wote. Walijua kwamba kasoro iliyoandikwa ni tahadhari, na iliyofichwa ni mtego. Nusu karne baadaye watu bado wanasoma kurasa za mpangilio ule, na mfumo ule umezaa mingine inayoendesha kompyuta na simu nyingi duniani.

Mfano wa pili ni wa majonzi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafariki. Chanzo kilikuwa makosa katika programu, pamoja na uamuzi wa kuondoa vizuizi vya chuma vilivyokuwamo katika mashine za awali. Lakini nataka tuangalie jambo moja la pembeni. Mwezi Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mhudumu alikuwa akimtibu mgonjwa. Mashine ikasimama na kuandika kwenye kioo: "Malfunction 54", yaani hitilafu namba 54.

Basi. Hitilafu namba 54. Kitabu cha mhudumu hakikueleza namba hiyo ina maana gani. Mashine yenyewe ilikuwa na mazoea ya kusimama mara kwa mara kwa sababu ndogo ndogo, na kuendelea kulihitaji kubonyeza herufi moja tu. Mhudumu akabonyeza. Mgonjwa alikuwa tayari ameungua kwa mionzi, akapigwa tena. Alifariki miezi mitano baadaye. Mwezi uliofuata ajali kama hiyo ikatokea mahali hapo hapo kwa mgonjwa mwingine, na namba ni ile ile, 54.

Yule mhudumu alifanya alichoweza kwa habari alizopewa. Zana ilijua kwamba kuna tatizo, lakini haikulitaja kwa lugha ambayo mtu angeweza kuifanyia kazi. Leo wakala wa akili mnemba akiita zana ikamjibu "kosa 400" na kunyamaza, atafanya alivyofanya binadamu yule: atajaribu tena, na tena. Zana ikimjibu, "Tarehe uliyoniletea imepita, lete tarehe ya mbele," atajirekebisha mara moja. Yule fundi wangu aliyeandika "ikicheza usivute" alikuwa ameliona hilo na elimu yake ya darasa la saba.

Mfano wa tatu unanirudisha kwenye inchi zangu. Mwezi Desemba 1998 shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kwenda sayari ya Mars ili kikachunguze hali ya hewa huko. Chombo kiliitwa Mars Climate Orbiter, na thamani yake ilitajwa kuwa dola milioni 125. Safari ilikwenda miezi tisa. Tarehe 23 Septemba 1999 kilipofika kikapita nyuma ya sayari, na hakikusikika tena.

Uchunguzi ukaonyesha nini? Programu moja ya ardhini ilikuwa ikitoa hesabu za msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili. Programu iliyopokea ilidhani ni vipimo vya metriki, yaani niutoni. Ratili moja ya nguvu ni niutoni 4.45, kwa hiyo kila namba ilisomwa pungufu kwa zaidi ya mara nne. Chombo kilichotakiwa kupita kilometa 226 juu ya Mars kilipita kama kilometa 57, ndani ya hewa ya sayari ile, kikaangamia.

Msomaji atauliza, je, hawakuandikiana? Waliandikiana. Hati ya makubaliano kati ya pande mbili ilisema wazi kwamba vipimo viwe vya metriki. Maelezo yalikuwepo, ila yalikaa kwenye hati, wakati namba zilisafiri zenyewe bila utambulisho. Fundi wangu angeweza kuandika daftari zuri juu ya inchi na milimita na kulifungia ofisini. Lakini aliandika kwenye sanduku, pale mkono unapofika.

Sasa tuje kwenye miaka yetu. Mwezi Februari 2023 watafiti wa kampuni ya Meta walieleza mtambo wao ulioitwa Toolformer, uliojifunza wenyewe ni wakati gani uite kikokotoo, kalenda, au mashine ya kutafutia habari. Mwezi Juni mwaka huo kampuni ya OpenAI ikawawezesha waandishi wa programu kuupa mtambo orodha ya zana pamoja na maelezo yake. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ili zana iliyoelezwa mara moja iweze kutumiwa na mawakala wengi tofauti. Ndani ya utaratibu huo kila zana ina jina, maelezo, na orodha ya inavyohitaji. Ni ule ule ukurasa wa mwaka 1971, isipokuwa msomaji wake si mtu.

Na hapa ndipo sisi wasema Kiswahili tunapoguswa, maana vijana wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaandika zana hizi sasa hivi. Turudi kwa mwenye duka. Aliandika mama anakuja "saa nane". Kwetu saa nane ya mchana ni saa 14:00 kwa hesabu ya saa 24. Zana iliyoandikwa "weka saa ya kuchukua mzigo", bila kusema ni saa ipi, itapokea namba 8 na kuandika saa mbili asubuhi. Hakuna aliyesema uongo. Mswahili anaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, Mzungu anaanza usiku wa manane, na zana haikuulizwa inafuata kalenda ya nani.

Chukua shilingi. Zana inayosema "kiasi kwa shilingi" inatosha ukiwa Kariakoo. Ikivuka Namanga, ni shilingi ya nani? Chukua namba ya simu. Wengine wanaanza na sifuri, wengine na 255, wengine wanatanguliza alama ya kujumlisha. Chukua tarehe 3/4. Kwetu ni tarehe tatu Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Mambo haya mtoto wa shule anayajua, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeyaandika. Tunanyamazia kile tunachodhani kila mtu anakijua, na mgeni hukwama hapo hapo. Wakala ni mgeni siku zote. Kila asubuhi anaingia gereji kwa mara ya kwanza.

Nimewasikia wanaosema kwamba tusijisumbue, mitambo inazidi kuwa na akili na kesho itaelewa yenyewe. Hoja hii ina ukweli wake. Mtambo wa leo unabahatisha vizuri kuliko wa mwaka 2023, na wa kesho utazidi. Lakini kubahatisha vizuri si kujua. Spana boi mwenye akili sana bado hawezi kujua kwamba namba iliyofutika ilikuwa 13. Akili haiwezi kusoma kisichoandikwa. Tena, kadiri wakala anavyokuwa hodari, ndivyo tunavyomkabidhi makubwa zaidi, na kosa lake linakuwa la gharama zaidi.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Wakisikia maelezo yanahitajika, wanaandika risala. Zana moja kurasa tatu, na zana ziko hamsini. Ubao wa bei wenye maneno elfu hausomwi na mtu, na mtambo nao ukipewa maelezo mengi yanayofanana huchanganyikiwa. Ukiona huwezi kuieleza zana yako kwa sentensi chache, yawezekana sentensi hazina kosa. Yawezekana umezifunga zana tatu ukaziita moja.

Liko jambo jingine la hatari, nalo ni hila. Kwa kuwa mtambo huamini unachosoma, mwaka 2025 wataalamu wa usalama walionyesha kwamba mtu mwovu anaweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya zana. Kwa nje inaonekana ni zana ya kujumlisha namba, na ndani ya maandishi wakala anaelekezwa kuchukua siri za mwenye mali na kuzipeleka kwingine. Kwa hiyo maelezo ya zana uliyoletewa na mtu usiyemjua ni ya kusomwa yote kabla ya kumkabidhi wakala wako, kama unavyosoma mkataba wa pango kabla ya kutia sahihi.

Nilikaa na yule kijana jioni nzima. Hatukugusa programu yake, tuligusa maneno. Zana tukaigawa mbili. Ya kwanza ikaitwa "andaa mzigo", ikaandikwa: "Huandaa bidhaa za oda ili mteja azichukue. Haifuti oda. Saa iwe ya hesabu ya saa 24. Mtu akisema saa nane mchana, andika 14:00." Ya pili ikaitwa "futa oda", ikaandikwa: "Huifuta oda kabisa na kurudisha bidhaa stoo. Haiwezi kutenguliwa. Usiitumie kwa sababu ya neno 'funga' peke yake. Kama huna hakika, muulize mwenye duka kwanza." Akaijaribu kwa agizo lile lile la mwenye duka, mara kumi. Mara kumi zote mama alifungiwa mzigo wake.

Kijana akacheka, akasema hakujua kama kazi ya kompyuta ni kazi ya insha. Nami nikamwambia si insha, ni kazi ya rangi na brashi. Kisha nikamuuliza kama amekwenda kumwomba radhi yule mama ntilie. Akainama. Alikuwa hajaenda. Alidhani aliyekosea ni mashine, na mashine haina miguu ya kwendea kuomba radhi.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nataka kukomea. Katika habari zote hizi, kuanzia nati iliyoliwa hadi chombo kilichoangamia Mars, wepesi wetu ni kumlaumu aliyeshika zana mwisho: spana boi, mhudumu, mtambo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na ni kweli. Lakini mwenye kujua naye asingoje kuulizwa, hasa kama anayemtumikia hawezi kumwona. Kesho kutwa mawakala hawa watatulipia karo, watatukatia tiketi za basi la Mbeya, watatupangia miadi ya hospitali. Anayeandika mistari ile miwili juu ya zana ameshika dhamana ya watu asiowajua, na jambo likiharibika yeye ndiye mwenye miguu ya kwenda kuomba radhi.

Yule kijana alikwenda kesho yake asubuhi, saa mbili. Yetu, si ya Mzungu.

Hadi juma lijalo, tuombeane heri.